Pangani: Tazama Paa Kwanza

Ukiniuliza mji mmoja mdogo wa kale wa kuuendea na gari katika pwani ya Tanzania, nitakutajia Pangani, na watu wengi hunishangaa. Kilwa Kisiwani kuna msikiti mkuu na jina kubwa duniani. Bagamoyo kuna makumbusho, kuna vijana wa kukutembeza, na ni karibu na Dar es Salaam. Pangani kuna nini? Kuna mitaa michache ya nyumba za mawe kando ya mto, pantoni, boma, na wenyeji wenye shughuli zao ambao hawakukaa wakikusubiri wewe. Hicho ndicho nilichokifuata. Gofu limekwisha kusema lake. Linafagiwa, linawekewa kibao, unakata tiketi unaingia. Nyumba kongwe yenye mtu ndani, yenye kamba ya nguo kwenye roshani na bati linalovuja, hiyo kesi yake bado inasikilizwa.

Tulisafiri wawili, mimi na dada yangu mkubwa, kwa gari lake dogo lililo chini sana. Hilo la gari nalitaja kwa sababu ndilo lililotuchagulia njia. Iko njia ya kufuata bahari, kutoka Bagamoyo kupita Makurunge na Hifadhi ya Taifa ya Saadani hadi Mkwaja, halafu Bweni ng'ambo ya mto, na ukiitazama kwenye ramani unaitamani. Lakini ule udongo mweusi ukishalowa hauna utani na mtu, na gari la chini halina la kufanya huko. Tukazunguka kwa lami: Bagamoyo, kilomita 64 hadi Msata, kisha Mto Wami, Mkata, Kabuku, Segera, Muheza. Kutoka Muheza kuna barabara inayokata moja kwa moja hadi Pangani, na mwenye haraka aifuate. Sisi tulipitiliza hadi Tanga tukalala huko, kwa sababu nilitaka kuingia Pangani kwa njia ya Tongoni.

Dada hapendi kusimama njiani. Kwake safari ni kufika. Tulipoacha barabara kuu kama kilomita 20 kusini ya Tanga na kuteremka kwenye kijia cha Tongoni, kati ya minazi na mibuyu, alizima gari akaniambia, "Haya, nionyeshe hilo ulilolitaka." Kilichopo ni msikiti usio na paa na makaburi yapatayo 40, baadhi yake yenye nguzo za mawe, nyingi zimeanguka na kulala chini. Kwenye kuta na nguzo mna vishimo vya mviringo ambamo zamani yalibandikwa mabakuli ya kaure kutoka Uchina. Mabakuli hayapo, vishimo vimebaki. Mwaka 1498 meli moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya sehemu hii, na mwaka uliofuata, wakirudi kutoka India huku mabaharia wengi wamekwisha kwa maradhi, waliiteketeza kwa moto kwenye maji hayahaya kwa kukosa watu wa kuiendesha. Leo ukipita barabarani bila kujua, unakiona kibao tu.

Dada alipitisha mkono kwenye ukuta wa msikiti, akatazama vidole vyake. Vilikuwa vyeupe. Chokaa ya miaka mamia bado inadondoka kidogokidogo kila mvua ikipita. Akasema, "Paa likiondoka, mvua ndiyo mwenye nyumba." Sijui alilitoa wapi, ila maneno yale ndiyo niliyoyashika safari nzima, na ndiyo yaliyonifunza namna ya kuutazama mji tulioukuta mbele.

Barabara ya kuelekea Pangani inapita katikati ya mashamba, na mengine ni ya mkonge. Mkonge wenyewe una asili yake hapo jirani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na katika miche 1,000 ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yaliyoifanya Tanga kuwa Tanga. Nimewahi kuwasikia watu wa Tanga wakiisimulia kwa fahari, na wengine kwa uchungu, kutegemea babu yake mtu alikuwa upande gani wa shamba.

Halafu unauona mto. Mto Pangani umetoka Kilimanjaro na Meru, umepita bwawa la Nyumba ya Mungu na mabwawa mengine ya umeme, na unapofika hapa ni mpana, maji ya kahawia, unaingia baharini taratibu. Mji umelala upande wa kaskazini, Bweni upande wa kusini, na katikati pantoni inakwenda na kurudi na magari, baiskeli, magunia na watoto wa shule. Tulikaa ukingoni pale tukanywa kahawa chungu kwa kashata. Mgeni akitaka kuujua mji huu aanze hapo, kwa sababu kila mtu wa Pangani lazima apite hapo siku moja au nyingine, na mtu anayesubiri chombo ana nafasi ya kuzungumza.

Mji ulitajirika kwa kile kilichoteremka kutoka bara: pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani. Katika karne ya 19 bonde la mto likajaa mashamba ya miwa, yakilimwa na watumwa, na sukari yake ikapakiwa majahazini. Ndiyo fedha iliyojenga zile nyumba za mawe. Mmoja wa wenye mashamba hayo alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuikodisha pwani kwa kampuni ya Kijerumani, na Agosti ya mwaka huo wakala wa kampuni hapa Pangani, Emil von Zelewski, akatwaa mamlaka kwa ubabe uliowakera Waarabu na Waswahili kwa pamoja. Watu wakamzingira, ikabidi askari wa Sultani waje kumwondoa. Vita vikaenea pwani nzima. Julai 1889 Wajerumani chini ya Hermann Wissmann waliipiga Pangani wakaichukua tena, na Desemba 15 mwaka huohuo Abushiri, baada ya kusalitiwa na kukamatwa, akanyongwa hapahapa. Zelewski naye aliondoka na roho yake safari hiyo, lakini hakufika mbali: Agosti 1891 huko Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walimuua pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Wahehe walimwita Nyundo.

Nilipokuwa shuleni tulimsoma Abushiri katika aya moja, shujaa wa kupinga ukoloni, basi. Ukisimama Pangani unaona kwamba alikuwa pia bwana wa shamba la watumwa, na kwamba yote mawili ni kweli. Mji mdogo una hasara hiyo kwa anayependa mashujaa safi: kila kitu kimekaa karibu na kingine.

Sasa nyumba. Nilikwisha kuambiwa Tanga kwamba Pangani yuko mzee mmoja, fundi wa chokaa, anayejua nyumba zote kwa kuzigusa. Tulimkuta barazani kwake mchana.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni. Na wewe mama, karibu, pita kivulini."

Tulikaa muda mrefu kabla sijaitaja shida yangu. Tuliulizana habari za Tanga, za mvua, za bei ya nazi. Dada, asiyependa kusimama njiani, ndiye aliyejinyoosha zaidi kwenye mkeka. Nilipomwambia mzee kwamba nataka anionyeshe nyumba za kale, aliuliza swali moja tu: "Unataka za kupiga picha au unataka kuzijua?"

Alituongoza polepole, na kila tulipofika kwenye nyumba hakutazama mlango. Mimi, kama wageni wote, nilikuwa naangalia milango ya nakshi, misumari, maua yaliyochongwa. Yeye alikuwa ameinua shingo. "Mlango hauuwi nyumba," alisema. "Tazama paa kwanza."

Nyumba hizi zimejengwa kwa matumbawe, yale mawe ya baharini yenye vitundu, yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe ni matumbawe pia, yamechomwa kwenye tanuri la magogo hadi yawe unga, kisha yakalowekwa na kuachwa yakae. Dari inabebwa na boriti za mikoko. Mzee alitupitisha kwenye chumba kimoja akaniambia nikipime kwa hatua. Chumba ni kirefu, lakini upana wake hauzidi sana mita 3, na ndivyo vilivyo vyumba vya nyumba za mawe pwani nzima, kwa sababu mti wa mkoko uliofaa kuwa boriti ulitoa kipande cha urefu huo. Nimeingia nyumba nyingi za namna hii Zanzibar na Bagamoyo, nikadhani wazee walipenda vyumba vyembamba.

Ukuta wa namna hii ni mnene na unanyonya maji. Hilo si kasoro mradi maji yanaweza kutoka. Juani ukuta unakauka, na lipu ya chokaa inaruhusu unyevu upite. Tabu inaanza pale mtu anapoona lipu imebanduka na kuita fundi wa saruji. Saruji ni ngumu, inaziba, na unyevu wenye chumvi unaganda nyuma yake. Kwa nje ukuta unang'aa, ndani mawe yanageuka mchanga. "Ukuta wa mawe ya bahari unatoka jasho," mzee alisema. "Ukiupaka saruji umeuvisha nailoni." Alikwangua kwa ufunguo pembeni mwa kiraka cha saruji kwenye nyumba moja, na nyuma yake ulitoka unga wa kahawia, tena kwa wingi.

Lakini alisisitiza kwamba hata saruji si muuaji mkubwa. Muuaji ni bati moja lililong'oka na halikurudishwa. Maji yanaingia kichwani mwa ukuta, yanateremka hadi kwenye ncha za boriti zilizozamishwa ukutani, boriti inaoza pale usipoweza kuiona, dari inashuka, ghorofa ya juu inahamwa. Ikishahamwa, mbegu ya mtini inaletwa na ndege, inaota kwenye ufa, na mizizi inafanya kazi ambayo mvua ingeichukua miaka mingi zaidi. Alituonyesha hatua zote hizo katika mtaa mmoja, nyumba baada ya nyumba, kuanzia yenye kutu kidogo kwenye bati hadi yenye mti mzima ukumbini.

Dada akauliza lile ambalo lazima mtu aulize. "Sasa mzee, si watu waezeke tu? Bati ni ngapi?"

Mzee alicheka. Akatupeleka kwenye nyumba iliyoezekwa nusu. Nusu ya kulia ina bati jipya, nusu ya kushoto iko wazi, na mpaka wake umenyooka utadhani umepigwa rula. Mama mmoja anaishi upande wenye paa. Alitukaribisha ndani, akatuambia bila kinyongo kwamba nyumba ni ya babu yake, warithi ni wengi, wako Tanga, Zanzibar, Dar, mmoja yuko Muscat. Yeye ameezeka sehemu yake. Sehemu nyingine si yake, na akiitia fedha, ndugu watasema anataka kuimiliki. Wao nao hawaiezeki kwa sababu hawaishi humo. Kuuza haiwezekani mpaka wote watie saini, na wengine wamefariki, haki yao imegawika tena kwa watoto. Nilikuwa nimekuja na dhana ya kawaida ya watu wa mijini, kwamba nyumba za kale zinaanguka kwa sababu wenyeji hawazithamini. Yule mama anaithamini mno. Kila asubuhi anafagia hadi kwenye mpaka, na baada ya mvua anatoa maji ya upande wa pili kwa ndoo ili yasivuke kuja kwake.

Serikali je? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo lililojengwa baada ya hapo linahitaji kutangazwa rasmi ndipo lilindwe. Fikiria maana yake kwa mji kama huu, ambao nyumba zake nyingi nzuri zilijengwa biashara iliposhamiri miaka ya mwisho ya karne ya 19, na nyingine wakati wa Wajerumani. Kwa nyumba nyingi, hata kuthibitisha mwaka ni kazi, maana hati hazipo. Na hata iliyolindwa, kulindwa ni kukatazwa kuibomoa. Hakuna anayekuletea bati. Mimi naona sheria inayomzuia mwenye nyumba bila kumsaidia ni nusu ya sheria, lakini niseme pia kwamba bila nusu hiyo, mengi yangekwisha kuwa viwanja.

Boma ndilo jengo linalotajwa kwa kila mgeni. Wenyeji huliita la mwaka 1810, nyumba ya tajiri wa Kiarabu kabla ya Wajerumani kuligeuza ofisi, na watakusimulia kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo ili jengo lisimame imara. Simulizi ya namna hii nimeisikia kwenye miji mingine ya pwani pia, kwa maneno yanayofanana. Sikubishana na aliyenisimulia. Sina namna ya kuichimbua, na hata ikiwa hakuna mfupa wowote chini ya zile nguzo, mawe yalibebwa na watu wasiolipwa, na simulizi imehifadhi hilo kuliko kibao chochote. Ninachokiepuka ni kuirudia kama taarifa. Nimekuta waongoza wageni wakiipamba kila msimu, na idadi ya waliozikwa ikiongezeka.

Nikigusia mambo ya kujua kwa anayepanga kwenda: Ijumaa mchana mji unasimama kwa swala, usimtafute mtu saa hizo. Vaa kwa heshima, mabega na magoti yafunikwe. Ufukwe wa Ushongo uko ng'ambo kwa wanaotaka kujiachia. Usipige picha ya nyumba yenye watu barazani bila salamu, na salamu ya pwani si neno moja. Ukitaka kisiwa cha Maziwe, fuata kupwa na kujaa, kwa kuwa siku hizi ni fungu la mchanga tu ambalo bahari hulimeza maji yakijaa. Zamani lilikuwa na miti. Bahari imekula pia kingo za mji, ndiyo maana utauona ukuta wa kuzuia maji ukitembea kando ya mto. Na ukipata mtu wa kukutembeza, kubalianeni malipo mapema na umlipe vizuri. Fundi wetu hakutaja bei, kwa hiyo dada alimpa kwa mikono miwili na mzee akapokea bila kuhesabu.

Tulipokuwa tunaondoka, kazi ya daraja jipya la Mto Pangani ilikuwa inaendelea, sehemu ya barabara ya lami ya kutoka Bagamoyo kupitia Saadani hadi Tanga. Ile njia ya bahari tuliyoikwepa itakuwa ya kila gari, hata la dada. Nilimwuliza mzee kama anafurahi. Alisema anafurahi sana. Mgonjwa hatasubiri pantoni usiku. Kisha akasema kwamba wanunuzi wameanza kuulizia viwanja na nyumba, na kwamba huenda safari hii warithi wakakubaliana, maana fedha ikiwa kubwa hata wa Muscat atapanda ndege.

Yeye mwenyewe alikuwa na kazi mpya. Mtu mmoja anajenga nyumba ya wageni nje kidogo ya mji na anataka ifanane na nyumba za kale: mabaraza, matao, zidaka za ukutani, mlango wa nakshi. Kuta ni za tofali za saruji, lipu ni ya saruji, rangi nyeupe juu yake.

"Na umekubali, mzee?"

"Nimekubali, mwanangu. Wajukuu wanasoma." Akafikiri kidogo. "Ila nimemwambia, paa atoe nje mita nzima. Angalau hilo amenisikia."